Usimamizi wa Mjadala wa Hadithi: Kutoka Kujibizana kwa Wamvita hadi Kengeleni, Kisauni

Utangulizi

Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuuliza maswali matatu kuhusu hadithi: ni nani aliyeitunga, imeundwaje, na hadhira imeipokeaje. Swali la nne huulizwa kwa nadra. Pindi wasomaji wanapoketi pamoja kuijadili hadithi hiyo, ni nani anayeushika usukani wa mazungumzo, na kwa mamlaka gani? Katika vitabu vya mbinu, kama vile kile cha Njogu na Chimerah, Ufundishaji wa Fasihi: Nadharia na Mbinu (1999), mwalimu ndiye anayetazamwa zaidi, na hilo laeleweka. Hata hivyo mwalimu ana mtihani na alama za kumsaidia. Msimamizi wa mjadala katika jumuiya ya wasomaji wa hiari hana silaha hizo. Anayesikitishwa naye anaweza kuinuka na kwenda zake.

Makala haya yanashikilia kuwa ushairi wa Mombasa ulikuwa na msimamizi aliyefichika ndani ya umbo lake, ilhali hadithi ya nathari haina msimamizi wa namna hiyo. Kwa sababu hiyo anayesimamia mjadala wa nathari analazimika kuifanya kwa maneno na busara yake kazi ambayo zamani ilifanywa na arudhi. Dai hili litapimwa kwa kitabu kimoja na mahali pamoja: Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela (1934), na Kisauni, bara ya Mombasa upande wa kaskazini, ambako hadithi hiyo ina wenyewe.

Arudhi kama msimamizi

Kujibizana ni desturi kongwe miongoni mwa malenga wa pwani. Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840 hivi, alitunga katika zama ambazo Mombasa chini ya Mazrui ilikuwa ikivutana na Lamu na hatimaye na Sayyid Said wa Omani. Tungo zilivuka maji baina ya miji, zikajibiwa, na majibu nayo yakajibiwa. Katika Reading Poetry as Dialogue (2004), Kimani Njogu ameonyesha jinsi mazungumzo haya yalivyo kiini cha utanzu wenyewe, wala si pambo lake.

Jambo linalostahili kuzingatiwa hapa ni kazi ya umbo katika ugomvi huo. Mwenye kujibu hakuwa huru kusema lolote kwa namna yoyote. Aghalabu alifuata bahari aliyoanzishiwa, akashika mizani, akatafuta vina vitakavyosimama mbele ya vina vya mwenzake. Kazi hii huchukua muda, na muda hupoza hasira. Isitoshe, desturi ilipendelea fumbo kuliko tusi la wazi, kwa hivyo aliyekusudia kumchoma mtu alipaswa kwanza kumtafutia mfano: chombo, mnyama, mti, au mchezo. Hadhira nayo ilipewa kazi ya kufumbua. Hivyo basi ukali haukuondolewa, bali ulipitishwa katika tundu jembamba, na kilichotokea upande wa pili kilikuwa kimekwisha kuwa sanaa. Ikiwa mtunzi alivunja mizani, alikuwa ameshindwa hata kabla hoja yake haijapimwa, na hapakuhitajika mwenyekiti wa kumwambia aketi.

Isidhaniwe kuwa umbo lilileta amani. Vita vya Shela vilipiganwa mwanzoni mwa karne ya 19 pamoja na mashairi yote yaliyotangulia na kufuata. Wala umbo halikufungua mlango kwa kila mtu, kwani asiyejua kutunga hakuwa na kauli. Wanawake wa Mombasa walikuwa na uwanja wao wa lelemama, ambao Margaret Strobel aliuchunguza kwa kina katika utafiti aliouchapisha mwaka 1979. Vyama vilivyoshindana viliimba nyimbo za kumsuta mtu bila kumtaja, na kila aliyehudhuria akajua ni nani aliyesutwa. Huko pia sheria ilikuwa moja: useme, lakini jina ulifiche.

Kuna msimamizi mwingine ambaye hutajwa kwa haraka mno, naye ni mhifadhi. Tungo nyingi za Muyaka zingepotea lau si Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyezikusanya na kuzieleza pamoja na W. E. Taylor, mmisionari wa Church Missionary Society, yaani CMS. William Hichens alizitoa katika Diwani ya Muyaka mwaka 1940, na Mohamed Hassan Abdulaziz akazirejelea kwa uchambuzi mpana mwaka 1979. Mwalimu Sikujua ndiye aliyejua ni tukio gani lililozaa ubeti upi, nani alikuwa akijibiwa, na neno gani lilikuwa fumbo. Bila maelezo ya namna hiyo msomaji wa leo angesikia sauti moja tu ya watu wawili wanaozungumza. Shihabuddin Chiraghdin aliwafanyia wasomaji wa zama zake kazi inayokaribiana na hiyo alipoitayarisha Malenga wa Mvita (1971) ya Ahmad Nassir: alisimama kati ya Kimvita cha mtunzi na msomaji wa mbali, asimwache yeyote kati yao peke yake.

Nathari isiyo na mlinzi

Katika ngano mambo ni tofauti kidogo. Mtambaji huanza kwa kuomba ruhusa, na hadhira humjibu; paukwa bila pakawa haina hadithi. Mwitikio huo ni mapatano kwamba kwa muda fulani mmoja atasema na wengine watasikiliza, na kwamba yanayokuja yatachukuliwa kuwa ni ya hadithini. Fisi anapoaibishwa, hakuna ukoo unaoinuka kumtetea.

Riwaya, hadithi fupi na masimulizi ya maisha hayana mapatano hayo. Msomaji huyasoma peke yake, kisha huja barazani akiwa amekwisha kuamua. Hapo ndipo hutokea kosa ambalo kila aliyewahi kuendesha mjadala wa kitabu analijua: mazungumzo huanza kwa mhusika, huhamia kwa mwandishi, kutoka kwa mwandishi hufika kwa kabila au dini ya mwandishi, na mwisho hutua kwa mtu aliyeketi pembeni. Hatua hizo nne huweza kukamilika katika sentensi mbili. Ushairi wa kujibizana ungezichelewesha, kwa kuwa mjibu angekuwa bado anahesabu mizani.

Nadharia ya upokezi, hasa kwa Wolfgang Iser, yatufundisha kuwa matini ina mapengo ambayo msomaji huyajaza kwa tajiriba yake. Wanafunzi hupenda kuinukuu hoja hiyo kana kwamba kila mjazo ni sawa na mwingine. Katika chumba chenye watu kumi na wawili, hata hivyo, mapengo yale yale hujazwa mara kumi na mbili, na baadhi ya mijazo hiyo huwaumiza wengine waliopo. Iser hakulazimika kuketi katikati yao. Msimamizi hulazimika.

Kitabu na wenyewe

Kisauni ya karne ya 19 haiwezi kuelezwa bila Freretown. Baada ya mkataba wa Juni 1873 ambao kwao Sultani Barghash alikubali kufunga soko la watumwa la Zanzibar, CMS ilinunua ardhi ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa na kufikia mwaka 1875 ilikuwa imeanzisha makazi ya watu waliokombolewa. Yalipewa jina la Sir Bartle Frere, aliyetumwa na Uingereza kwa majadiliano hayo. Manowari za Waingereza zilikamata majahazi baharini, na mateka waliokutwa humo, wengi wao kutoka nchi za ndani kabisa, wakateremshwa huko. Walitanguliwa na Waafrika waliolelewa na kusomeshwa Nasik, India, waliojulikana kama Wabombay, miongoni mwao William Jones na Ishmael Semler. Kengele iliyowekwa kuwatahadharisha wakazi dhidi ya uvamizi ndiyo iliyopatia njia panda ya Kengeleni jina lake.

James Mbotela alizaliwa katika jamii hiyo, na baba yake alikuwa miongoni mwa waliokombolewa. Uhuru wa Watumwa kinasimulia kutekwa, safari, kuuzwa, kukombolewa na maisha mapya ya Freretown. Ni miongoni mwa vitabu vya mwanzo vya nathari ndefu vilivyoandikwa kwa Kiswahili na Mwafrika wa Kenya, na kilisomwa mashuleni kwa miaka mingi. Wahakiki wa baada ya uhuru wamekilaumu kwa kuwatukuza Waingereza mno na kwa kuwachora Waarabu kwa rangi moja tu. Lawama hiyo ina msingi, lakini ni nyepesi mno inapotolewa na mtu ambaye baba yake hakuwahi kufungwa minyororo.

Chukulia, basi, jumuiya ya wasomaji inayokutana Kisauni kukijadili kitabu hiki. Anaweza kuwapo mjukuu wa kizazi cha Freretown, ambaye kwake yaliyomo ni habari za nyumbani. Anaweza kuwapo Mswahili mwenye nasaba ya Kiarabu, ambaye mababu zake walikuwa na mashamba. Anaweza kuwapo Mgiriama, ambaye katika masimulizi ya kwao watoro wamo. Na pengine yupo mwanafunzi aliyekuja kutoka bara akidhani anasoma riwaya ya kihistoria tu. Kisheria utumwa ulifutwa katika pwani ya Kenya mwaka 1907, miaka 27 tu kabla ya kitabu kutoka. Kwa vipimo vya ukoo hayo ni ya juzi.

Katika hali hii msimamizi ana vishawishi viwili. Cha kwanza ni kuufunga mdomo mjadala kwa jina la amani: yaliyopita yamepita, sote ni ndugu, tuangalie dhamira na maudhui. Cha pili ni kuuachia uhuru usio na mpaka, kila mtu aseme la moyoni mwake. Kishawishi cha kwanza huonekana kuwa ni adabu, na kwa hakika katika utamaduni wa pwani sitara ni thamani kubwa. Aibu ya mtu haianikwi. Lakini anayekataza swali la utumwa kujadiliwa amekwisha kutoa hukumu, na hukumu hiyo humnufaisha yule ambaye historia haikumdai kitu. Sitara ni ya mtu, si ya matini. Mtu aliyepo anastiriwa, nayo kurasa zinafunuliwa zote.

Kishawishi cha pili nacho hugeuza kitabu kuwa kisingizio. Dawa yake iliyo karibu zaidi na arudhi ni nukuu. Msimamizi anayedai kila dai lirudishwe kwenye ukurasa fulani, likasomwe kwa sauti kabla ya kujibiwa, anafanya kazi ile ile ya mizani: anamchelewesha msemaji. Anayesema kwamba Mbotela anawachukia Waarabu hana budi kuonyesha mahali, na aghalabu katika kutafuta mahali hapo hukuta sentensi ambayo hakuikumbuka. Kwa njia hiyo hiyo anayesema Mbotela ni kibaraka wa wamisionari naye hupekua. Kupekua kwa pamoja kuna utulivu wake, jambo ambalo halijapewa nafasi ya kutosha katika mafunzo ya ualimu.

Sharti la pili ni la sarufi zaidi kuliko la fasihi: nafsi ya pili wingi haitumiki. "Nyinyi mliwauza" na "nyinyi mliokombolewa" ni sentensi zinazomtoa mtu aliye hai katika kiti chake na kumtia kitabuni. Nafsi ya tatu yatosha kwa kazi yote ya uhakiki. Na linaloambatana na hilo ni kwamba mjukuu wa Freretown asigeuzwe shahidi. Akipenda kusimulia aliyoyasikia kwa nyanya yake, atapewa nafasi, asipopenda, asiulizwe. Wako wasimamizi wenye nia njema ambao humgeukia mtu kama huyo mwanzoni kabisa na kumwomba "atueleze", wakidhani wamemheshimu. Wamemtwisha.

Mateka na watoro

Usimamizi hauishii kwenye adabu. Msimamizi asiyejua historia ya kitabu anachokisimamia atakuwa askari wa zamu tu. Katika kisa hiki kuna tofauti moja ya msamiati ambayo pekee yaweza kuubadilisha mjadala mzima, nayo ni baina ya mateka na mtoro.

Mateka walikombolewa baharini kwa nguvu za manowari. Watoro walikuwa watumwa wa mashamba ya Mombasa, Takaungu, Malindi na kwingineko waliojitorosha kwa miguu yao, wengine wakakimbilia vituo vya misheni vya Rabai na Freretown, wengine wakaanzisha vijiji vyao msituni. Ugomvi mkubwa baina ya misheni na wenye mashamba ulihusu hao watoro hasa, wala si mateka wa majahazini. Mwaka 1880 hasira za mjini zilifikia kiwango cha Freretown kutishiwa kuvamiwa. Wakati uo huo mambo ya ndani ya kituo hayakuwa ya kujivunia: J. R. Streeter, mlei aliyekisimamia, alilaumiwa kwa viboko na adhabu kali alizowapa wakazi wenyewe, na suala hilo likawafikia wakubwa. Kisha tarehe 1 Januari 1889, huko Rabai, George Mackenzie wa kampuni ya IBEA aligawa hati za uhuru kwa watoro wapatao 1,400. Fidia ililipwa. Waliolipwa ni waliokuwa mabwana.

Habari hizi zikiwekwa mezani, wale waliokuwa wakigombea swali la nani mwema, Mwingereza au Mwarabu, hujikuta na mtu wa tatu ambaye wote wawili walikuwa wamemsahau, yaani mtumwa aliyejikomboa mwenyewe. Kichwa cha kitabu chenyewe hupata swali jipya: uhuru huo ni wa kupewa au wa kutwaliwa? Mjadala hautakuwa umetulizwa, lakini utakuwa umesogezwa kutoka kwenye nasaba za waliohudhuria hadi kwenye suala ambalo matini inaweza kulijibu au kushindwa kulijibu. Hii ndiyo maana hasa ya kusimamia: kujua ni wapi swali lililo bora zaidi limejificha, na kulitoa wakati wake. Likitolewa mapema, huonekana kama hotuba ya msimamizi. Likichelewa, watu wameshaondoka.

Lugha ya kujadilia

Likoni na Changamwe zina matatizo yao, nayo yatajwe kwa ufupi. Likoni ilishuhudia usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi kikishambuliwa, askari wakauawa, na katika majuma yaliyofuata watu waliohesabiwa kuwa wa bara wakafukuzwa makwao. Hadithi yoyote yenye mhusika mgeni na mhusika mwenyeji, hata ikiwa imetungwa Unguja au Nairobi, husomwa huko kwa sikio jingine. Msimamizi anayetoka nje ya mtaa hana budi kulijua hilo kabla ya kuchagua kitabu.

Changamwe, kwa upande wake, jina lake limo katika nasaba za mji: Wachangamwe ni mojawapo ya Thelatha Taifa pamoja na Wakilindini na Watangana. Leo, kwa sababu ya viwanda, reli na bandari iliyo jirani, wakazi wake wametoka kila pembe ya Kenya. Hapo mzozo hujitokeza katika lugha. Msemaji wa Kimvita akisema "ndia" na "ndoo", mwanafunzi aliyefuzu Kiswahili sanifu humsahihisha kwa "njia" na "njoo", na mzee hunyamaza kwa jioni iliyobaki. Kejeli ya historia ni kwamba mkutano wa mwaka 1928 ulioichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika Mombasa hiyo hiyo. Anayesimamia mjadala wa hadithi si mlinzi wa usanifu. Kusahihisha matamshi ya mtu katikati ya hoja ni njia ya kumnyamazisha, na kwa kuwa inavaa kanzu ya taaluma, wengi hawaioni kuwa ni dhuluma. Lililo kinyume nalo hutokea pia, pale mwenyeji anapocheka Kiswahili cha mtu wa bara. Vyote viwili vikomeshwe kwa neno moja fupi, bila mahubiri.

Kuhusu mamlaka ya kukata maneno, wahariri wa magazeti wana uzoefu ambao haujachunguzwa vya kutosha. Mhariri wa Mambo Leo tangu 1923, na wa gazeti la Nairobi lililojiita kwa makusudi Baraza, lililoanza mwaka 1939, aliamua barua gani ichapishwe na shairi gani lijibiwe. Uamuzi huo ulifanyika mlango ukiwa umefungwa. Msimamizi wa ana kwa ana hukata maneno mbele ya watu, na aliyekatizwa humtazama usoni. Ndiyo sababu ni bora asiwe mwepesi wa kutoa rai yake juu ya kitabu. Akishasema kwamba yeye anamwona Mbotela vipi, kila anapomkatiza mtu baada ya hapo ataonekana anajitetea.

Kitabu cha pili

Hata msimamizi hodari hawezi kukitoa kitabu kimoja sauti ambazo hazimo. Wakati mwingine usimamizi bora hufanyika katika uteuzi wa kile kitakachosomwa baadaye. Kwa Uhuru wa Watumwa kuna jirani mmoja asiyekwepeka: maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, aliyoyasimulia kwa Kiswahili mwenyewe na ambayo Heinrich Brode aliyachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Hapo mfanyabiashara wa pembe na watumwa anasema kwa kinywa chake, tena kwa utulivu unaoshangaza. Kuna pia Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi (1978), inayoitazama Zanzibar ya mabwana na watwana kwa jicho la mapinduzi, ambamo Mwingereza si mkombozi hata kidogo.

Mpangilio wa usomaji una uzito wake. Akianza Tippu Tip, mateka wa Mbotela watakuja wakiwa tayari ni idadi ndani ya msafara wa mtu mwingine. Akianza Adam Shafi, Mbotela ataonekana mshamba wa kisiasa kabla hajafungua kinywa. Katika Kisauni, walau, ifaa aanze mwana wa Freretown, asomwe hadi mwisho kwa sauti yake mwenyewe, na mfanyabiashara aje baada yake kumjibu.